Niliificha Diski ya Usharika

Nawasimulia aibu yangu kwa wiki ya nne sasa, na mlioanza nami mnajua nilipofika. Anayeingia leo nampa kwa ufupi. Jina langu ni Ebenezer, fundi wa kompyuta. Kibanda changu kilikuwa Levolosi, Arusha mjini, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Mchumba wangu aliitwa Penina, karani wa usharika mmoja wa Kilutheri kule juu mlimani, kwa Wameru.

Mahari ilikuwa imepokelewa. Kwetu ndoa hutangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo, na mwenye pingamizi hulipeleka ofisi ya usharika. Jumapili ya kwanza ilikuwa imepita salama. Zilibaki mbili.

Ndipo marafiki wa usharika walioko Ujerumani wakaleta kompyuta mpya, na baraza la wazee likampa kazi ya kuifunga kijana mmoja, Allen.

Sikupewa mimi, mwenye mchumba palepale ofisini. Akapewa Allen.

Mwaka ule wa 2000, Arusha kila mwenye chumba cha mbele alikuwa anafungua intaneti, na vijana waliotoka kusoma Nairobi walikuwa wanatembea mjini utadhani wameleta umeme wao wenyewe. Allen alikuwa mmoja wao. Alikuwa na cheti, na mkoba wa bisibisi kiunoni, na manukato yaliyoingia mlangoni kabla yake. Mimi nilikuwa na mikono iliyojifunza kwenye taipureta mbovu. Nilimchukia kabla hajafungua mdomo.

Jumatatu nikapanda mlima kwenda kuona.

Nilipofika mlango wa ofisi nikasikia kicheko cha Penina. Namjua Penina. Hicheki ovyo. Kukipata kicheko chake ilinichukua miezi mitatu ya kumpelekea karanga za kukaanga, na huyu bwana alikuwa amekipata asubuhi moja.

"Mambo vipi, kaka?" Allen akaniambia, bisibisi mkononi. "Shemeji amekusifia mpaka naogopa kushika mashine mbele yako."

"Poa," nikasema.

Alikuwa anakunywa chai kwenye kikombe cha maua ya bluu. Kikombe kile kilikuwa changu. Hakikuandikwa jina, lakini kila nilipofika pale ndicho Penina alichonimiminia, na vikombe vingine vilikuwepo kabatini, vinne, visafi.

"Karibu chai, Ebe," Penina akasema, akafungua kabati.

"Nimeshiba."

Sikuwa nimekula tangu jana yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kompyuta ya zamani ya usharika ilikuwa imekufa, lakini diski yake ilikuwa nzima. Ndani ya diski ile kulikuwa na kitabu chote cha ubatizo na kipaimara. Kitabu cha karatasi kilikuwa kimeliwa na mchwa, na Penina alikuwa amekaa miaka miwili anakinakili ukurasa kwa ukurasa, akiwakimbiza mchwa. Kwa hiyo diski ya zamani ilikuwa inahamishwa kwenye mashine mpya, iwe diski ya pili, kila kitu kinakiliwe upande wa pili.

Sasa, diski mbili zikikaa kwenye waya mmoja, moja lazima iwe kubwa na nyingine ikubali kuwa ndogo. Sisi mafundi tunasema moja masta, nyingine slevu. Zikijiona kubwa zote mbili, mashine inaiona moja tu na nyingine inakuwa kama haipo. Kinachoamua ni jampa, kidude cha plastiki kidogo kuliko punje ya mahindi, kinachovalishwa kwenye visindano nyuma ya diski. Ile diski ya zamani ikivaa jampa ilikuwa masta. Ikivuliwa, slevu.

Allen alikuwa ameshaivua. Kazi yake ilikuwa safi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mke wa mchungaji akaita kutoka nyumbani kwake, hatua chache tu kutoka ofisini. "Njooni mle, mtori wa ndizi unapoa."

"Tangulieni," nikasema. "Nakuja."

Wakatoka. Dirishani nikawaona wanavuka uwanja, Allen anaonyesha kitu kwa mkono, Penina anacheka tena.

Nakiri mbele yenu wote. Nilichokifanya kilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Nilikuwa natembea na jampa zangu kwenye kisanduku cha kiberiti. Nikachomoa moja, nikaivalisha diski ya zamani, waya ukaifunika. Nikafunga kiberiti na kwenda kula mtori. Siku hiyo niliona njaa.

Baada ya chakula Allen akawasha mashine. Kwenye kioo ikaorodheshwa diski moja tu, ile mpya. Akazima, akawasha tena. Bado moja.

"Ya pili iko wapi?" Penina akauliza.

"Itatokea tu," Allen akasema, akajikuna shingo.

Nikamuaga Penina kwa upole kuliko siku zote. Nikateremka mlima napiga mluzi.

Fundi wa kweli anatafuta kosa kwa mpangilio. Anaanza na waya wa umeme: je, diski inazunguka? Anaisikiliza. Anakuja waya mpana wa data, anauchomoa, anauchomeka, anajaribu mwingine. Anaingia kwenye setapu kuona kama mashine imeambiwa itafute. Mwisho kabisa ndiyo anafika kwenye jampa. Na Allen hakuwa na sababu ya kuitazama jampa aliyoivua kwa mkono wake mwenyewe.

Jumanne nikapiga simu ofisini kutoka duka la baiskeli.

"Amebadilisha waya wa umeme," Penina akasema. "Bado."

"Pole yake."

Jumatano nikapiga tena.

"Amebadilisha waya wa data. Amekuja na mwingine mpya kutoka mjini. Bado."

"Huenda cheti chake kilikuwa cha kitu kingine," nikasema.

Hakucheka. Nyuma ya sauti yake nikasikia kicheko cha mwanaume, na kijiko kinakoroga kwenye kikombe.

Hapo ndipo akili ikanirudia kidogo. Kazi ile ilikuwa ya saa mbili. Allen angeimaliza Jumatatu ileile akarudi mjini na manukato yake. Mimi ndiye niliyemweka pale Jumanne, na Jumatano, kwenye chumba kimoja na mchumba wangu, mlango umerudishwa kwa sababu ya vumbi. Niliwafungia mwenyewe na ufunguo nikaondoka nao.

Wivu ukanipanda mpaka nikashindwa kuunga waya kwa risasi. Niliunguza redio ya mteja, nikamwambia ilikuja imeungua.

Alhamisi nikapiga simu mara nne. Haikupokelewa.

Ijumaa asubuhi mwenye duka la baiskeli akaniita kwenye simu. Alikuwa Penina.

"Baraza linakaa kesho," akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mzee Eliasi amesema kitabu cha ubatizo kikikosekana, na mimi nitafute kazi nyingine. Wageni wa Ujerumani wanakuja kukiona. Allen ameshindwa. Njoo wewe."

"Mimi?"

"Si wewe fundi?"

Nilioga mara mbili. Nikavaa shati la mikono mirefu. Njia nzima kutoka Tengeru kupanda juu, katikati ya migomba na kahawa, nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Allen, maneno ya upole ya mtu aliyeshinda.

Nikamkuta Allen ameegemea dirisha, mikono kifuani. Hakunisalimu kwa kelele zake. Penina alikuwa amesimama kando ya meza. Mashine ilikuwa wazi tayari, imelazwa ubavu.

"Haya," Penina akasema. "Itazame."

Nikakunja mikono ya shati. Nikapenyeza vidole viwili nyuma ya diski ya zamani, nikausogeza waya, nikachomoa jampa na kuificha kiganjani. Nikajifanya nasukuma kitu kurudi mahali pake.

"Washa."

Penina akawasha. Kwenye kioo diski ya kwanza ikaandikwa. Chini yake, ya pili.

Nikamtazama Allen. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Hujagusa hata waya," Penina akasema.

"Nini?"

"Siku nne nimemwangalia mwenzako anatafuta. Alianza na umeme, akaja waya, akaja setapu. Wewe hujasikiliza kama inazunguka. Hujauliza amejaribu nini. Umeingiza vidole mahali pamoja tu."

"Ni uzoefu, Penina."

"Sawa," akasema. "Ni uzoefu."

Akakaa kwenye kiti, akaifungua ile diski ya pili. Kitabu cha ubatizo kilikuwepo, kila jina. Nikasubiri ashukuru. Badala yake akafungua faili nyingine na kugeuza kioo upande wangu.

"Soma."

Ulikuwa muhtasari wa baraza la wazee, wa mwezi uliopita, aliouandika yeye mwenyewe kabla mashine ya zamani haijafa. Nilisoma kwa kusimama. Karani aliomba kazi ya kufunga kompyuta apewe Ndugu Ebenezer, kwa kuwa ni fundi hodari na mtu mwaminifu. Baraza lilikataa, kwa kuwa ni mchumba wa karani na watu watasema. Karani aliomba mara ya pili. Baraza lilikataa.

Neno lile, mwaminifu, nililisoma mara tatu. Masikio yangu yakawa ya moto.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ya baraza hayatoki nje. Nimekula kiapo." Akafunga faili. "Nilidhani huhitaji kuambiwa."

Allen akachukua mkoba wake. "Mimi nateremka, dada Penina. Mungu akutangulie na wazee hao." Akapita mbele yangu, akatoka.

Nikabaki nimesimama. Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Lakini mdomo wangu ukasema, "Kumbe mnaitana dada na kaka siku hizi."

Penina akaanza kunakili faili zake kama vile sipo chumbani.

Nilipofika barabarani, chini kabisa karibu na soko la Tengeru, ndipo nikakumbuka kiganja changu. Nilikuwa nimekikunja njia nzima. Nikakikunjua ili niirudishe jampa kwenye kiberiti.

Nikakaa kwenye jiwe.

Ngoja niwaeleze jambo moja mtaelewa. Mjini mafundi tulikuwa tunaibiana vipuri. Ukimwachia mwenzako mashine saa moja, unaikuta imebadilishiwa vipuri vya kuokota. Kwa hiyo mimi kila kipuri changu nilikiweka alama, tone moja la rangi nyekundu ya kucha. Kichupa cha rangi hiyo nilipewa na Penina. Dada yake Lilian alimletea zawadi kutoka Moshi, naye akaogopa kuipaka, karani wa kanisa mwenye kucha nyekundu wazee wangemmaliza. Akanipa mimi huku anacheka. Jampa zote za kwenye kiberiti zilikuwa na tone lile, na ile niliyoivalisha diski Jumatatu ilikuwa nalo pia.

Jampa iliyokuwa kiganjani mwangu ilikuwa nyeusi tupu.

Niliigeuza. Nikailamba, nikaisugua kwenye shati. Nyeusi.

Mtu alikuwa ameitoa yangu, akaweka nyingine mahali pake, kisha wakaniita nije niitengeneze. Walikuwa wanangoja waone vidole vyangu vitakwenda wapi.

Na mimi, nisiyejifunza, wazo langu la kwanza halikuwa Penina. Lilikuwa Allen. Nikamwona usiku na mchana amekaa na jampa yangu mfukoni, anangoja Jumapili. Anataka kunivunjia ndoa, nikasema. Amtwae yeye.

Jumapili ya pili nilifika kanisani mapema kuliko mpiga kengele. Allen naye akaja, akakaa benchi la tatu. Mzee Eliasi akasimama na karatasi ya matangazo, akasoma majina yetu kwa ile sauti yake ya puani, kijana Ebenezer na binti Penina, kwa mara ya pili. "Mwenye pingamizi alilete ofisini kwa mchungaji kabla ya Jumapili ijayo."

Shingo ya Allen haikugeuka. Ya kwangu ilikuwa inatoka jasho.

Baada ya ibada watu wakatoka nje kwenye mnada wa sadaka, kama kawaida, mayai, parachichi, kuku mmoja mwenye hasira. Allen akanunua mkungu wa ndizi, akaubeba begani moja kwa moja mpaka kwa mama yake Penina, akaushusha miguuni pake. Mama akamshika mikono yote miwili.

Sikuvumilia. Nikamfuata nyuma ya kanisa.

"Nirudishie kitu changu."

"Kitu gani, kaka?"

"Unakijua."

Akafuta mabega yake. "Ebenezer, mimi nina mchumba Moshi. Anaitwa Irine. Wiki nzima hii namsumbua Penina anisaidie kuchagua kitambaa cha sendofu, atakachovaa akiagwa kwao, kwa sababu mimi na vitambaa hatuelewani. Ndiyo hayo tuliyokuwa tunacheka." Akanitazama, na kilichoniumiza ni kwamba hakuwa na hasira. "Ule mkungu, mama yake Penina alinilisha siku nne niliposhindwa kazi. Kazi ambayo sikushindwa."

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Mimi? Sitaki chochote. Kaongee na wa kwako."

Akaenda zake. Na mimi, wasomaji wangu, sikumwamini. Nilijiambia hakuna Irine yeyote. Nilijiambia ameshaandika pingamizi, liko mfukoni mwa koti lake, na kesho asubuhi atalipeleka.

Kesho yake asubuhi mwenye duka la baiskeli akaniita kwenye simu. Ilikuwa sauti ya mchungaji.

"Bwana asifiwe, Ebenezer."

"Amina, mchungaji. Shikamoo."

"Marahaba. Panda huku sasa hivi. Limeletwa pingamizi."

Nilijua. Njia yote nilikuwa najua. Niliandaa utetezi wangu neno kwa neno, jinsi mtu yule alivyoingia katikati ya ndoa ya wenzake, jinsi alivyoshindwa kazi akatafuta wa kumtupia lawama. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshajiaminisha kabisa.

Mchungaji alikuwa amekaa upande mmoja wa meza. Mzee Eliasi alikuwa kando yake, kofia magotini. Penina alikuwa mahali pake pa kazi, mbele ya kompyuta mpya, kwa sababu karani ndiye anayeandika maelezo ya pingamizi lolote. Hakuinua uso.

"Kaa, mwanangu," mchungaji akasema. "Unamfahamu aliyeleta?"

"Namfahamu, mchungaji." Nilibaki nimesimama. "Ni Allen. Na naomba baraza lijue kwamba yule mtu ananionea wivu tangu siku ya kwanza."

Mzee Eliasi akakohoa. Nikasikia vitufe vya kompyuta vinabonyezwa, polepole. Penina alikuwa anayaandika maneno yangu.

Mchungaji akasukuma karatasi mezani mpaka mbele yangu.

Ilikuwa imechapwa vizuri, na mashine ileile niliyoificha diski yake. Chini, kwenye kona, kulikuwa na kidude cheusi kimebandikwa kwa selotepu. Kilikuwa na tone jekundu.

Nikaanza kusoma kutoka juu.

Mimi Penina, karani wa usharika huu, naleta pingamizi juu ya ndoa yangu mwenyewe. Mwanaume anayetaka kunioa, sijui kama ananipenda au ananichunga. Kidude hiki kilitolewa na fundi Allen siku ya Alhamisi nyuma ya diski ya usharika. Rangi iliyopo juu yake niliitoa mimi kwa mkono wangu, kwa mtu mmoja tu. Naomba aulizwe mbele ya mchungaji na mzee kidude hiki kilifikaje pale. Akijibu kweli, naliondoa pingamizi langu leo hii. Akidanganya, Jumapili ya tatu tusitangazwe.

Nikainua macho. Nikafikiria kibanda changu cha Levolosi, na mjini wakisikia kwamba fundi Ebenezer anaharibu mashine za watu, tena za kanisa. Nikafikiria kiberiti kilichokuwa mfukoni mwangu wakati uleule, kimejaa matone mekundu. Nikafikiria kwamba ningeweza kusema kiliibwa.

Mchungaji akaweka kidole kando ya ile jampa.

"Ebenezer," akasema kwa utulivu, "hiki kilifikaje pale?"

Penina alikuwa ameshafuta yale niliyosema kuhusu Allen. Ukurasa ulikuwa mweupe, na vidole vyake vilikuwa juu ya vitufe, vinangoja neno langu la kwanza.